Ratili ya Wakia 14

Muhula uliopita, nikiwa kiranja wa bweni, nilikuta karatasi chini ya mto wangu. Haikuwa na jina. Ilisema kwamba upawa wa maharage wa meza yetu ni mdogo kuliko wa meza nyingine. Nilidhani naujua mwandiko, nikacheka, nikaitia mfukoni. Siku ya nne wenzangu 40 walikaa bwaloni mikono magotini, wasile. Yaliyofuata ofisini kwa Mwalimu Mkuu si ya kusimuliwa hapa.

Mwalimu wetu wa Historia akanipa kitabu cha manowari za Waingereza zama za matanga, akanitaka nisome habari za mwaka 1797, kisha niwaandikie ninyi, wasomaji wapenzi, niliyoyaona.

Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa. Manowari kubwa ilichukua watu 600 au zaidi, na wengi wao walikamatwa kwa nguvu bandarini. Ujira wa baharia haukuwa umeongezwa kwa miaka zaidi ya 130, ingawa askari wa nchi kavu walikwisha ongezewa. Na chakula je? Ratili ni wakia 16, lakini ratili ya manowarini ilikuwa wakia 14. Wakia 2 zilibaki kwa karani wa chakula, tena kwa idhini, eti ni fidia ya vitu vinavyooza na kumwagika!

Mapema mwaka ule mabaharia walimpelekea mkubwa wao, Lord Howe, barua 11 zisizo na majina. Howe alikuwa mzee wa miaka 71, naye walimpenda. Alikuwa mgonjwa mjini Bath. Alipoona maneno yanafanana na miandiko inakaribiana, alidhani ni kazi ya mchochezi mmoja. Aliuliza kama kuna manung'uniko, akajibiwa hakuna. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza.

Tarehe 16 Aprili, huko Spithead mbele ya Portsmouth, amri ya kung'oa nanga ilitolewa. Mabaharia wakapanda kwenye kamba za milingoti, wakapiga kelele za shangwe mara tatu, wala hawakutweka tanga hata moja. Kila manowari ikachagua wajumbe 2. Msidhani ilikuwa ghasia ya walevi. Wajumbe walimwadhibu aliyelewa, na walisema kwamba Wafaransa wakitokea baharini watakwenda kupigana nao. Serikali ikakubali kuongeza ujira na kurudisha ratili ya wakia 16, lakini utimizaji ukachelewa, na tarehe 7 Mei damu ikamwagika katika manowari iitwayo London.

Ndipo akapelekwa Howe yule yule. Pamoja na ugonjwa wake wa miguu alipanda mashua, akazunguka manowari moja baada ya nyingine, akisikiliza na kuwasomea msamaha wa mfalme. Maofisa wengi waliochukiwa kwa ukatili waliondolewa. Mwishowe mabaharia wakambeba mzee wao mabegani, na tarehe 17 Mei matanga yakatwekwa.

Huko Nore, mlangoni mwa mto Thames, wengine walidai zaidi, wakazuia hata meli za biashara. Kiongozi wao, Richard Parker, alinyongwa tarehe 30 Juni.

Darasani kwetu anayependwa ni Admirali Adam Duncan, aliyekuwa akiwalinda Waholanzi wasitoke Texel. Karibu jeshi lake lote lilimwacha. Zikabaki Venerable na Adamant tu. Hata katika Adamant alikuwako mtu aliyeikana amri yake. Duncan, jitu la futi 6 na zaidi, alimkamata, akamning'iniza nje ya merikebu kwa mkono mmoja, akawaambia mabaharia wamtazame huyo anayetaka kumnyang'anya jeshi. Wakacheka, wakarudi kazini. Kisha akawa anatweka bendera za ishara kana kwamba anazungumza na manowari nyingi zilizo mbali, kumbe hazipo! Tarehe 11 Oktoba, akiwa na wengi wa watu wale wale waliomwacha, aliwashinda Waholanzi karibu na Camperdown.

Wenzangu wanasema huyo ndiye kiongozi. Mkono wake nausifu, lakini ungeniponya nini mimi mbele ya watu 40 wenye njaa? Mimi namtazama zaidi Howe, kwa kuwa alikosea kama nilivyokosea, kisha akapanda mashua mwenyewe.

Wiki iliyopita niliazima chombo cha kupimia cha maabara, nikaenda jikoni kwa ruhusa, nikapima pawa zote mbili kwa maji mbele ya mpishi. Wa meza yetu ulipungua karibu robo. Mpishi alishangaa kuliko mimi. Upawa ule aliukuta alipoanza kazi. Sasa umetundikwa ukutani, hautumiki. Nimekwenda pia kumwomba radhi yule niliyemdhania. Mwandiko haukuwa wake.