Kaburi Lenye Jina

Soma habari hii polepole. Kisha jibu maswali.

Familia moja inaishi Kwamsisi, mkoa wa Tanga. Nyumbani wamo Bibi, mwanawe, mkwewe na wajukuu wanne. Wanalima mahindi na mihogo. Wanafuga mbuzi.

Mume wa Bibi alikuwa askari. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia mkoa ambao leo unaitwa Kagera. Tanzania ilipigana kuyatoa. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulitekwa. Mume wa Bibi hakurudi. Mtoto wao alikuwa bado ananyonya.

Wanajeshi wengi waliokufa katika vita hivyo walizikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Bibi aliambiwa hivyo. Lakini Kaboya ni mbali, na nauli ni kubwa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Bibi alisikiliza redio akanyamaza.

Mwaka mmoja mahindi yalistawi. Familia iliuza magunia kadhaa. Jioni, baada ya kula ugali na mlenda, walishauriana.

"Fedha hizi ni za bati, mama," alisema mwana. "Nyumba inavuja."

"Ni kweli, mwanangu," alijibu Bibi. "Bati litakuwapo dukani mwakani. Mimi sijui kama nitakuwapo."

Mkwewe akasema, "Mwaka huu tuezeke kwa nyasi. Mama aende."

Bibi alifungua sanduku lake. Alitoa karatasi iliyofungwa kwa kitambaa. Iliandikwa jina la mumewe na namba yake ya jeshi. Mwana aliinakili vizuri. Halafu alimwandikia Afisa Mtendaji wa Kijiji kuomba barua ya utambulisho, kwa sababu Kaboya pana kambi ya jeshi.

Walisafiri kwa basi. Makaburini mwana alisoma majina, moja baada ya jingine. Mwisho alisimama.

"Mama, ni hapa."

Bibi aligusa herufi kwa kidole. Aliomba dua. Kisha akasema, "Mume wangu, huyu ni mwanao. Sasa amekuzidi umri."

Wasio na kaburi

Babu yake Bibi naye alikufa vitani. Lakini kaburi lake halijulikani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa mwaka 1914 hadi 1918. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliteka Korogwe na Handeni. Pande zote mbili zilichukua wanaume wa vijijini kuwa wapagazi. Walibeba chakula, risasi na mahema. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni 1 kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wengi walizikwa njiani bila alama.

Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Jina la kikosi limebaki. Majina ya watu wengi yamepotea.

Bibi ana jina la babu yake tu, alilosimuliwa na mama yake. Waliporudi Kwamsisi, alimwita mjukuu wake mkubwa. "Lete daftari," alisema. "Andika jina la babu yangu. Nikifa mimi, lisife."

Tujifunze

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kuandika. Nunua daftari la ukoo. Waulize wazee wakiwa hai. Kwa kila marehemu andika:

1. Jina lake kamili na jina la baba na mama yake.
2. Mwaka aliokufa, na sababu.
3. Mahali alipozikwa, na alama iliyo karibu, kama vile mti au mto.

Palilia makaburi ya nyumbani. Kaburi lisilo na alama, liwekee jina.

Maswali

1. Kwa nini mwana alitaka kununua bati?
2. Karatasi ya Bibi ilisaidiaje safari?
3. Kwa nini kaburi la babu yake Bibi halijulikani?
4. Kama ungekuwa mkwe wa Bibi, ungesema nini? Jadilianeni darasani.

Zoezi

Andika majina matano ya wazee wa ukoo wako waliokufa. Jina usilolijua, nenda kaulize leo.