"Tutajie Kikosi": Ushabiki wa Mpira na Heshima ya Mwanamke



Leo naomba tuongee kuhusu mpira. Najua yupo atakayeuliza, sasa mpira na somo la kiroho vinaingilianaje? Vinaingiliana sana. Vijana wengi wa VIWAWA ninaowafahamu wanakaa kanisani Jumapili asubuhi, na jioni yake wako kibanda umiza wanaangalia mechi. Watu ni walewale na ulimi ni uleule. Mtakatifu Yakobo aliliona hilo zamani: kwa ulimi mmoja tunamsifu Mungu, kisha kwa ulimi huohuo tunawalaani watu walioumbwa kwa mfano wake, naye anasema haifai kuwa hivyo (Yak 3:9-10).

Mimi ni msichana, na ni shabiki wa Simba tangu nikiwa shule ya msingi. (Wa Yanga mnivumilie, somo hili ni la wote.) Kwa miaka yote niliyoangalia mpira na watu, nimeona jambo moja linajirudia. Msichana akitokea amevaa jezi, kuna mtihani unamsubiri. "Haya, tutajie kikosi cha leo." Akikitaja anaongezewa: "Nani alitufunga fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993?" Akijibu Stella Abidjan, tena hapa hapa nyumbani, wanatazamana. Halafu anatokea mmoja anayemalizia, "Utakuwa umefundishwa na bwana wako."

Sasa angalia kijana wa kiume aliyeingia naye mlango mmoja. Huenda ameanza kufuatilia ligi mwezi uliopita, na kuotea hakujui vizuri. Hakuna anayemuuliza chochote. Anasogezewa benchi akae. Jezi yake inahesabika kuwa ushahidi wa kutosha, lakini ya dada inahesabika kuwa imeazimwa.

Ubaya wa mtihani huu ni kwamba haufauliki. Usipojua, wanasema wanawake mpira hawaujui. Ukijua kidogo, umefuata wanaume. Ukijua sana kuwazidi, basi wewe ni jike dume na nani atakuoa. Hebu fikiria vizuri: majibu matatu tofauti, na yote yanaishia kwenye hukumu moja. Hapo unatambua kwamba tangu mwanzo swali halikuwa la mpira.

Kuna jingine ambalo huwa linanichekesha kidogo. Wasichana wakilia kwa furaha kwenye tamasha la mwanamuziki wanayempenda, tunasema wamechanganyikiwa, hawana kazi. Mwanaume mzima, mwenye watoto, akilia kwa sababu ya penalti iliyogonga mwamba, tunasema huyo ana mapenzi ya kweli na timu. Machozi ni machozi, jamani.

Hata pale ambapo hakuna mwanamke, bado mwanamke anatumika kama tusi. Mchezaji akipoteza mpira kirahisi, anaambiwa anacheza kama demu. Timu iliyofungwa inaitwa mke wetu. Kaka asiyependa mpira kabisa, akakaa nje anasoma kitabu chake, naye anapewa jina la kike. Kwa hiyo dharau hii inawapata wavulana pia, na inawafundisha mapema kwamba kitu kibaya kuliko vyote mtu anachoweza kuwa ni kufanana na mama yake mzazi. Sidhani kama kuna anayekubali hilo akiulizwa wazi. Lakini ndilo linalosemwa kila wikiendi.

Wengine wataniambia haya ni ya vijiweni tu, tusiyakuze. Basi tutoke kijiweni twende kwenye historia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wasichana wa kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston, Uingereza, walianzisha timu ya mpira. Walicheza kuchangisha fedha za misaada, na watu wakawapenda. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, mechi yao ilitazamwa na watu wapatao 53,000. Klabu nyingi za leo zingefurahi kupata umati huo. Haukupita mwaka. Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Soka cha Uingereza kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kwa hoja kwamba mchezo huu hauwafai. Katazo hilo lilikaa karibu miaka 50, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo mtu anapokuambia leo kwamba mpira wa wanawake hauna watazamaji, mkumbushe kwamba walikuwa nao, wakafungiwa milango.

Iran mambo yalikuwa mazito zaidi. Baada ya mapinduzi ya 1979, kwa miaka karibu 40 wanawake walizuiwa kuingia uwanjani kwenye mechi za wanaume. Machi 2019, dada mmoja wa miaka 29, Sahar Khodayari, shabiki wa Esteghlal, alivaa kama mwanaume akajaribu kuingia Uwanja wa Azadi kuiangalia timu yake. (Azadi, kwa Kiajemi, maana yake ni uhuru.) Alikamatwa. Septemba mwaka huohuo, aliposikia kwamba huenda akafungwa, alijidhuru nje ya mahakama, na siku chache baadaye akafariki. Watu wakamwita Msichana wa Bluu, kwa rangi ya timu yake. Kanisa linatufundisha kutowakatia tamaa waliokufa kwa njia hiyo, bali kuwaombea, na mimi nawaomba mumtaje katika sala zenu. Mwezi uliofuata, wanawake zaidi ya 3,500 waliruhusiwa kuingia uwanja huohuo kuona Iran ikicheza na Cambodia.

Turudi Uingereza, mwaka 2011. Mwamuzi msaidizi Sian Massey alipangwa kwenye mechi ya Wolves na Liverpool. Kabla mpira haujaanza, watangazaji wawili wakubwa wa televisheni, wakidhani vipaza sauti vimezimwa, walisema wanawake hawaijui sheria ya kuotea. Kwenye mechi hiyohiyo Liverpool walifunga goli la utata, Massey hakunyanyua kibendera, na marudio ya picha yakaonyesha yuko sahihi. Mtangazaji mmoja alifukuzwa kazi, mwingine akajiuzulu. Kinachonigusa hapa ni kwamba walimhukumu kabla hajaamua lolote. Walichokuwa nacho mkononi ni jina lake tu. Katekisimu ina neno kwa kosa hili, hukumu ya haraka: kuamini ubaya wa mwenzako bila msingi wa kutosha (KKK 2477).

Na nyumbani kwetu Afrika Mashariki? Tarehe 18 Januari 2022, Salima Mukansanga wa Rwanda alisimama katikati ya uwanja Yaoundé kuchezesha Zimbabwe na Guinea, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za AFCON za wanaume. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waamuzi watatu wa kati wanawake walioitwa Kombe la Dunia la wanaume Qatar. Simba Queens nao mwaka huo walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika kule Morocco, wakamaliza wa nne. Nawauliza wana Simba wenzangu: wangapi kati yenu mnaweza kutaja kikosi chao? Wachezaji kumi na moja tu.

Sasa tuje kwenye utetezi ninaousikia kila siku: "Dada, huu ni utani tu." Hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu utani ni mali yetu na sitaki mtu auguse vibaya. Utani wa kweli una kanuni zake. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana kwa sababu kila mmoja ana haki ya kujibu kwa ukali uleule, na anayetaniwa hakasiriki kwa kuwa anajua zamu yake inakuja. Zaidi ya hapo, mtani ana wajibu. Kwenye msiba, watani ndio wanaokuja kuchekesha wafiwa na kushika kazi. Mtu anayekutania leo ndiye atakayehangaika na maziko yako kesho. Simba na Yanga walirithi kitu hicho, na ndiyo maana tunaweza kuzomeana Jumamosi na Jumatatu tukakaa ofisi moja.

Wavulana 40 wakimcheka msichana mmoja aliyekaa kwenye kona hawamtanii. Yeye hana zamu. Akijibu kwa ukali uleule anaambiwa hana adabu, hakulelewa. Na hakuna kati yao anayejisikia kuwa na wajibu wowote kwake. Ikifika saa nne usiku mechi imeisha, anatembea peke yake hadi nyumbani huku wengine wakimpigia miluzi. Huo umetoka kwenye utani muda mrefu. Mtandaoni ndiyo kabisa, maana mtukanaji hana hata sura. Ripoti ya FIFA kuhusu Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 ilionyesha kwamba wachezaji wake walikuwa na uwezekano wa asilimia 29 zaidi wa kulengwa na matusi mtandaoni kuliko wachezaji wa Kombe la Dunia la wanaume la 2022.

Tufungue Biblia. Yohane sura ya 4, Yesu yuko kisimani na mwanamke Msamaria. Wanafunzi wanarudi kutoka mjini kununua chakula, wanashangaa kumkuta anaongea na mwanamke (aya ya 27). Mwinjili hasemi walishangaa kwamba ni Msamaria, anasema mwanamke. Wakati wao wanashangaa, yule mama alikuwa ameshauliza swali zito kuliko mengi ya mitume: Mungu aabudiwe wapi, mlimani au Yerusalemu? Na Yesu alimjibu swali lake kwa kirefu, akamwambia waziwazi kwamba yeye ndiye Masiha. Hakumwambia kwanza ataje manabii kumi na wawili. Ajabu ni kwamba mahubiri mengi niliyosikia kuhusu mama huyu yanakaa kwenye wale waume watano, na swali lake la ibada linapita kama daladala iliyojaa.

Halafu Luka 24. Wanawake wanatoka kaburini na habari kubwa kuliko zote, wanawaeleza mitume, na mitume wanaona ni upuuzi mtupu (aya ya 11). Petro ilibidi akimbie akajionee. Marko anatuambia Yesu alipowatokea wale Kumi na Mmoja mezani, aliwakemea kwa sababu hawakuwaamini waliomwona amefufuka (Mk 16:14), na wa kwanza aliyekataliwa neno lake alikuwa Maria Magdalena. Naomba tukae hapo kidogo. Bwana mfufuka hakulichukulia kuwa jambo dogo kwamba ushuhuda ulidharauliwa.

Na huyo Maria Magdalena mnajua yaliyompata baadaye. Injili haimwiti popote kahaba. Inasema alitolewa pepo saba, na kwamba pamoja na wanawake wengine alimhudumia Yesu na mitume kwa mali yake mwenyewe (Lk 8:2-3). Lakini mwishoni mwa karne ya 6, katika mahubiri ya Papa Gregori Mkuu, aliunganishwa na yule mwenye dhambi asiyetajwa jina wa Luka 7, na kwa karne nyingi watu wa Magharibi wakamjua kwa hilo. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, daraja lilelile walilonalo mitume, na Kanisa likakumbushwa jina lake la zamani: Mtume wa Mitume. Nalisema hili kwa sababu hatuwezi kuwanyooshea kidole watu wa vijiweni kana kwamba sisi tulikuwa safi muda wote. Papa Fransisko mwenyewe, katika Christus Vivit namba 42, anakiri kwamba historia ya Kanisa ina ubabe wa kiume na ukandamizaji ndani yake.

Kuna anayeogopa kwamba hoja hii inataka kufuta tofauti kati ya mwanaume na mwanamke. Hapana. Mwanzo 1:27 inatupa yote mawili katika aya moja, mume na mke, na wote kwa mfano wa Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Gaudium et Spes namba 29 ulisema ubaguzi katika haki za msingi kwa sababu ya jinsia unapingana na mpango wa Mungu. Na kama dada kweli haijui kuotea, mfundisheni, hata kumcheka kidogo si dhambi, ilimradi na yule kaka asiyeijua mnamcheka vilevile.

Kabla hatujakutana tena kwenye kikundi, kila mmoja asome Luka 24:1-12 na Marko 16:9-14, zote mbili. Na kwenye mechi inayofuata, wavulana nawapa kazi ya ziada: hesabuni mara ngapi neno linalomaanisha mwanamke limetumika kama tusi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Andikeni kwenye karatasi, msikadirie. Wasichana, nyinyi hesabuni mara ngapi mmeulizwa kikosi. Tutaleta karatasi zote mbili mezani tuziangalie pamoja.