Fedha za Madrasa za Mbali

Ndugu zetu Waislamu, mara nyingi hapa pwani huchangwa fedha baada ya sala ya Ijumaa kwa ajili ya madrasa zilizo bara: Nakuru, Eldama Ravine, hata Marigat karibu na Ziwa Baringo. Jambo hili ni la kheri. Lakini yapasa kuulizana kwanza: fedha hizi ni za namna gani?

Ama zaka, Mwenyezi Mungu amewataja wanaoistahiki, mafungu 8, katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Kuta na mabati hayamo, na ndivyo wasemavyo wanachuoni wetu wa Kishafi. Mwanafunzi fakiri wa Marigat hupewa zaka iwe milki yake. Mkusanyaji hana ruhusa ya kuigeuza saruji. Ama sadaka, hufuata nia ya mtoaji. Iliyotolewa kwa kisima haijengi darasa.

Tena twapenda mno majengo. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society ilipoundwa mwaka 1945, Aga Khan aliahidi kutoa shilingi kwa kila shilingi watakayochanga Waislamu, zikajengwa skuli na misikiti mingi. Na mshahara wa mwalimu? Huo haupigwi picha! Ziwa Baringo lilipofurika mwaka 2020 lilifunika skuli. Lakini mwalimu aliyelipwa aweza kusomesha hata chini ya mgunga.

Kwa hiyo twashauri watoaji waambiwe mapema kwamba nusu ya mchango itanunua duka mjini Nakuru, liwe wakfu, kodi yake imlipe mwalimu, na hisabu ibandikwe mlangoni mwa msikiti kila Muharram.