SOMO LA ROBO HII: JIVU LINALOJENGA



Mitambo ya umeme wa makaa ya mawe huacha jivu jingi lenye sumu kama arseniki na zebaki. Desemba 22, 2008 bwawa la kuhifadhia jivu lilibomoka huko Kingston, Tennessee, Marekani. Tope likaharibu nyumba na kuingia mtoni. Lakini jivu la aina hiyo lilichanganywa na saruji kujenga bwawa la Hungry Horse, lililokamilika mwaka 1953 nchini humohumo. Nako India, amri ya serikali ya 1999 iliwataka wafyatuaji wa matofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka kwenye mitambo hiyo kulitumia.

Kwa nini jivu linajenga? Ndani yake mna silika. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa. Silika huishika chokaa hiyo na kuongeza nguvu.

Sisi wa Mkuyuni hatuna mitambo ya makaa ya mawe, ila Kanda ya Ziwa ina mashine nyingi za kukoboa mpunga. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za pumba, nazo zikiungua huacha kama kilo 4 za jivu. Sehemu kubwa ya jivu hilo ni silika.

Mambo ya kuzingatia:

1. Pumba ziungue taratibu, joto lisizidi nyuzi 700 hivi. Jivu la tanuri la matofali hupata moto mkali mno, msilitegemee. Jivu jeusi bado lina mkaa. Tafuteni la kijivu au jeupe.

2. Lisagwe laini kama saruji. Anayesaga azibe pua na mdomo, kwani vumbi hili hudhuru mapafu.

3. Anzeni na ndoo 1 ya jivu kwa ndoo 9 za saruji. Fyatueni matofali ya majaribio, yamwagilieni maji, kisha yapimwe siku ya 28 pamoja na ya saruji tupu.

4. Msiliweke kwenye msingi, nguzo wala zege la nondo bila idhini ya mhandisi.

Katika Yohana 6:12 Bwana Yesu aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Saruji yetu hununuliwa kwa sadaka, na nyingine ni ya wajane. Mfuko mmoja ukiokolewa katika kila kumi, sadaka hiyo imetunzwa. Ukuta ukianguka kwa kuruka vipimo, imepotea yote.

Swali la kujadili: Ni mabaki gani yanayotupwa katika mtaa wenu, na nani awezaye kuyapima kabla hamjayatumia?