Kuitia Tanga Kayaki ya Bahari: Mwongozo kwa Mafundi na Wakodishaji

Mwongozo huu ni wa fundi wa vyombo vidogo, na wa mwenye biashara ya kukodisha kayaki pwani anayetaka chombo cha kafi kiende pia kwa upepo. Wengi huanza na tanga, ilhali tanga ndilo la mwisho. Kayaki ya bahari ina upana wa sentimita 55 hadi 60 hivi, na kinachoiweka wima ni kiuno cha mpiga kafi. Tanga la mita 1 ya mraba, la kwenda na upepo wa nyuma tu, linavumilika. Likizidi hapo, anza na matengo: boriti za kukingama zenye ndubi za kuelea kila upande.

Umbo la ngalawa ni mwalimu mzuri, ila usilinakili lote. Ndubi za ngalawa kwa kawaida ni mbao zilizolazwa kwa pembe, na husaidiwa sana na mwendo wa chombo. Kayaki yenye tanga dogo haina mwendo huo, kwa hiyo ndubi zake lazima zielee zenyewe hata chombo kikiwa kimesimama.

Ukubwa wa ndubi haukisiwi. Upepo wa fundo 15 hulisukuma tanga kwa kilo 4 hadi 5 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tanga la mita 3 za mraba hupokea kama kilo 13. Ikiwa kitovu cha tanga kiko mita 1.8 juu ya kitovu cha ubao wa kuzuia kusombwa ubavuni, na ndubi iko mita 1.2 kutoka katikati ya chombo, ndubi ya upande wa demani, usioelekea upepo, itabeba kama kilo 20, yaani lita 20 za kuelea. Usiishie hapo. Upepo ukipanda kutoka fundo 15 hadi 21, mzigo unakuwa maradufu, kwa sababu nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi. Weka basi lita 40 au zaidi kila upande. Bomba la PVC la milimita 160 lina lita 20 kwa kila mita. Kipande cha mita 2.2 kinatosha. Ziba ncha zote mbili, na kabla ya kuziba jaza ndani chupa tupu zilizofungwa vizuri, ili ufa mmoja usiizamishe ndubi nzima. Acha kizibo kidogo cha kufungua chombo kikiwa nchi kavu, maana hewa iliyofungiwa juani hutanuka.

Boriti za kukingama ziwe mbili, za bomba la alumini la milimita 50 lenye unene wa milimita 3. Mkalishe mpiga kafi mahali pake kwanza, apige kafi, ndipo utie alama: boriti ya mbele ipite nje ya mzunguko wa kafi, ya nyuma ikae nyuma ya mgongo wake. Chombo kikiwa na mtu ndani, ndubi zote mbili zining'inie vidole viwili juu ya maji.

Kazi nyingi huharibika kwenye kufunga. Kayaki nyingi za kukodisha ni za plastiki ya polithini, na gundi ya epoksi haiishiki plastiki hiyo, hata muuzaji aseme nini. Tumia mikanda inayozunguka chombo kizima, au bolti zenye kibao kipana kwa ndani. Kayaki ya faibaglasi unaweza kuigandisha. Mimi napendelea mikanda kwa zote mbili: haitoboi chombo, na jioni kayaki inarudi kuwa kayaki.

Mlingoti wa mita 3.2 usimame juu ya boriti ya mbele, uzito wake ukitandazwa na ubao uliolazwa juu ya sitaha. Uzuiwe kwa kamba tatu: moja hadi omo, mbili hadi ncha za boriti ya nyuma. Tanga la pembetatu, mita 3 kwenda juu na mita 2 chini, ndilo linalofaa. Najua mafundi watataka tanga la foromali. Lakini kugeuza foromali hutaka mtu wa kusimama omo, na kwenye kayaki mtu huyo hayupo.

Ubao wa kuzuia kusombwa ubavuni uning'inizwe kwenye boriti ya mbele. Sehemu iliyo majini iwe sentimita 25 kwa 50. Chombo kikikazana mno kugeukia upepo, usogeze ubao nyuma kidogo. Kikiukimbia upepo, usogeze mbele. Acha kielekee upepo kidogo, ili mtu akiachia usukani kisimame chenyewe. Usukani uendeshwe kwa miguu, mikono ibaki huru.

Kamba ya demani, inayoongoza tanga, haifungwi kamwe, hushikwa mkononi. Kamba ya kushushia tanga ifikiwe kwa mkono mmoja bila kuinuka.

Jaribio la kwanza lifanyike ndani ya mwamba, maji ya kifuani, na chombo kipinduliwe kwa makusudi. Hili lisirukwe, kwa kuwa anayejua kujiinua kwa kafi ndani ya kayaki hataweza tena akiwa na matengo. Njia yake sasa ni kulegeza mlingoti, kusimama juu ya ndubi moja mpaka izame, na kuvuta kamba iliyofungwa kwenye ndubi ya pili. Hannes Lindemann, daktari Mjerumani aliyevuka Atlantiki mwaka 1956 kwa kayaki ya kukunja yenye tanga, siku 72, naye alipinduka njiani, tena usiku.

Kabla ya kumpandisha mteja, onyesha chombo hicho, kama kilivyobadilishwa, kwa mamlaka ya vyombo vya majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Mteja asiyewahi kuendesha tanga aende na mwongozaji, au apewe kayaki isiyo na mlingoti. Kusi likivuma hata povu jeupe likaenea baharini, teremsha milingoti yote na ukodishe kafi peke yake.