Kitabu Chako na Karatasi Utakayotia Sahihi

Wako watu wengi katika Kenya wenye madaftari yaliyojaa hadithi, mashairi, au habari za kale za ukoo wao, nao hutamani kuyaona maneno yao yamepigwa chapa. Kazi ya kuandika wameifanya kwa bidii. Lakini wafikapo mlangoni kwa mchapishaji huwa kama mkulima aliyevuna vizuri asijue bei ya soko. Huyu huuza jasho la miaka 3 kwa fedha za mwezi mmoja. Yule hutoa akiba yake yote kwa mtu aliyemwahidi sifa, kisha hubaki na maboksi ya vitabu chini ya kitanda. Somo hili limeandikwa ili kumsaidia mtungaji asipatwe na hasara hizo.

1. Kutengeneza mswada

Ukiisha kuandika, usikimbilie posta. Weka mswada kando kwa muda wa mwezi mmoja, kisha usome kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali ulimi unapojikwaa, msomaji naye atajikwaa, patengeneze. Halafu mpe mtu asiyekuogopa wala asiyetaka kukupendeza, akuambie ni wapi alipochoka.

Usitafute maneno magumu ili uonekane msomi. Neno likijulikana kwa wasomaji wako, hilo ndilo neno la kutumia. Tahajia nayo iwe moja katika kitabu kizima. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika ya Mashariki ilifanya kazi kubwa ili vitabu vya nchi hizi vifuate maandishi ya namna moja, na mhariri hapendezwi akiona neno moja limeandikwa kwa namna tatu.

Mswada upigwe chapa kwa mashini au kwa kompyuta, mistari iachiwe nafasi, kurasa zitiwe namba, na jina lako na anwani yako viwe katika ukurasa wa kwanza. Weka nakala nyumbani sikuzote. Kabla ya kupeleka, uliza mchapishaji hutoa vitabu vya namna gani, kwa maana anayetoa vitabu vya shule tu hatachukua mashairi yako hata yakiwa mazuri. Pamoja na mswada peleka barua fupi, na muhtasari usiozidi ukurasa mmoja.

2. Njia tatu za kutoa kitabu

Njia ya kwanza ni mchapishaji anayegharimia kitabu kwa fedha zake mwenyewe. Hapo zamani watungaji wengi walisaidiwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, Nairobi ikiwa makao yake. Ilisoma miswada, ikawashauri watungaji, na kazi nyingine ikazichapisha yenyewe. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kazi hiyo ilikatika, na katika Kenya ikarithiwa na Kenya Literature Bureau, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1980. Pamoja nayo wako wachapishaji wengine mjini Nairobi. Wengi wao hutegemea vitabu vya shule, ambavyo hukaguliwa na Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya. Kwa hiyo mtungaji wa riwaya au mashairi awe na subira, wala asikate tamaa akirudishiwa mswada mara ya kwanza.

Njia ya pili ni mashindano. Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Katika siku za karibu zaidi, mwaka 2014, ilianzishwa tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, nayo ilipokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Mwenye kuingia katika mashindano na asome masharti yote, hasa yale yanayosema haki ya mswada itakuwa ya nani.

Njia ya tatu ni kujichapishia mwenyewe. Hii ni biashara kama biashara nyingine: mtungaji humlipa mhariri, mchoraji na mpiga chapa, kisha huuza mwenyewe. Namba ya kitabu ya kimataifa, ile inayoanza na 978, huombwa kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya.

Lakini jihadhari na mtu ajiitaye mchapishaji ambaye neno lake la kwanza ni kukuomba fedha. Mchapishaji wa njia ya kwanza hutia fedha zake. Huyu anatia zako. Si kosa kumlipa mpiga chapa, ila ni lazima ujue kwamba ni yeye unayemlipa, na kwamba kazi ya kuuza imebaki mikononi mwako.

3. Haki yako

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ni mali ya mtungaji tangu inapoandikwa. Haki hiyo hudumu maisha yake yote, na baada ya kufa kwake huendelea miaka 50 kwa faida ya warithi wake. Si lazima kuandikisha kazi ndipo uwe na haki. Lakini ukiiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya unapata ushahidi, pakitokea ugomvi.

Mali hiyo yaweza kuuzwa au kukodishwa, mfano wa shamba. Ukiuza hakimiliki, umeuza shamba. Ukimpa mchapishaji ruhusa ya kutoa kitabu nawe ukapata mrabaha, yaani fungu la fedha katika kila nakala inayouzwa, umekodisha tu. Kuhamisha hakimiliki hakufanywi kwa maneno matupu, hutaka maandishi. Ndiyo sababu ya kuitazama sana karatasi unayotia sahihi.

4. Hesabu

Tuseme kitabu kinauzwa kwa shilingi 500, na mrabaha ni 10 katika kila 100 ya bei ya dukani. Kila nakala itakupa shilingi 50, na nakala 2,000 zitakupa shilingi 100,000. Lakini mkataba ukisema ni 10 katika kila 100 ya fedha zinazomfikia mchapishaji, na mwenye duka amekatiwa 30 katika kila 100, mchapishaji hupokea shilingi 350. Nawe utapata 35 kwa nakala, yaani shilingi 70,000. Tofauti ya shilingi 30,000 imetokana na maneno machache tu.

Tazama sasa aliyeuza hakimiliki kwa shilingi 40,000 mara moja. Kitabu kikipendwa shuleni, kikauzwa nakala 20,000, kwa mrabaha ule mdogo angalipata shilingi 700,000. Hawezi kudai hata senti moja zaidi.

Na anayejichapishia? Akitoa nakala 500 kwa shilingi 200 kila moja, ametumia shilingi 100,000. Akiuza kwa shilingi 400, na mwenye duka akachukua 120, zabaki 280. Ni lazima auze nakala 358 kabla ya kuona faida. Basi kabla ya kulipa, aandike majina ya maduka, shule na watu atakaowauzia.

5. Maneno ya kutafuta katika mkataba

Je, unauza hakimiliki au unatoa ruhusa? Ruhusa hiyo ni ya miaka mingapi? Mrabaha unahesabiwa kwa bei ipi, na utalipwa lini? Utaonyeshwa hesabu ya nakala zilizouzwa? Haki za kutafsiri, za redio, za filamu na za kitabu cha kompyuta ni za nani? Kitabu kikiisha, kisipopigwa chapa tena, haki itakurudia?

Usione haya kuomba wiki mbili za kufikiri, wala kumwonyesha wakili mkataba. Mchapishaji mwaminifu hataudhika. Ukiisha kutia sahihi, weka nakala yako mahali salama na uwaonyeshe watu wa nyumbani, kwa maana haki hiyo watairithi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujijaribu

1. Kuna tofauti gani kati ya mchapishaji na mpiga chapa?
2. Kitabu kinauzwa shilingi 600, mwenye duka hukatiwa 30 katika kila 100, na mrabaha ni 10 katika kila 100 ya fedha zinazomfikia mchapishaji. Nakala 1,000 zitampa mtungaji shilingi ngapi? (Jibu: 42,000.)
3. Mtungaji akifa, warithi wake huwa na haki ya kazi yake kwa miaka mingapi?