Somo: Faida na Hasara za Biashara Ndogo

Tunapenda biashara ndogo kwa sababu hatuna bosi. Faida ya sambusa au ya vitenge tunaishika mkononi jioni ileile. Lakini hasara nayo ni yetu peke yetu. Tukumbuke Soko Kuu la hapa Bujumbura, lililoungua Jumapili tarehe 27 Januari 2013. Wafanyabiashara wengi walikuwa wameweka bidhaa zote humo, wengine kwa mkopo wa benki na bila bima. Mali iliteketea, deni likabaki. Na benki haipokei majivu! Kwa hiyo tusifungie mtaji wote ndani ya kibanda kimoja. Kabla ya kununua bidhaa, tutenge faranga za chakula na dawa za watoto. Mkopo tuuchukue ule tu tunaoweza kuulipa hata tukiugua mwezi mzima.